Mwarubaini, mbegu za papai na popoo kwa minyoo ya ng'ombe: kipimo ni kipi, na nitajuaje kama vimefanya kazi?

Mfugaji wa Micheweni:

Assalaam alaykum ndugu wafugaji wa Unguja na Pemba.

Nina ng'ombe wa kienyeji wachache hapa Micheweni. Mchana ninawafunga kwa kamba kandoni mwa bonde la mpunga, kwa kuwa huko ndiko majani yanakobaki mabichi hata jua linapokuwa kali, na usiku wanalala katika banda lililo karibu na nyumba. Tangu masika yalipomalizika, jike mmoja anayenyonyesha amekonda mpaka mbavu zinahesabika, manyoya yake yamesimama na hayana mng'aro, na jioni anaporudi malishoni anakuwa na uvimbe laini chini ya taya ambao asubuhi huwa umepungua. Ndama wake, ambaye bado hajatimiza miezi miwili, ana tumbo kubwa lililoning'inia, anaharisha kinyesi cha rangi ya udongo wa mfinyanzi, na harufu yake ni kali kuliko kawaida.

Wazee wa kijijini wananieleza kwamba majani ya mwarubaini, mbegu za papai na popoo vimetumika kwa minyoo tangu zamani, kwa watu na kwa wanyama. Sina sababu ya kuwadharau, kwani miti hiyo ninayo uani, na dawa ya dukani inahitaji fedha ambayo si kila mwezi ninakuwa nayo. Tatizo ni kwamba kila ninayemwuliza kipimo ananipa jibu lake. Mmoja anasema konzi moja, mwingine anasema ndoo. Naomba mnifahamishe ni mti gani hasa unafaa na kwa kiasi gani, kama maziwa yanaweza kunywewa siku za kutibu, na kama mtamba wangu ambaye nadhani ana mimba anaweza kupewa. Linalonisumbua zaidi ni hili: nitajuaje kwamba minyoo wametoka kweli, na si kwamba mnyama amepata nafuu kwa sababu ya majani mapya ya mvua?

Mzee wa Kengeja:

Wa alaykumu salaam, mwanangu. Nitakueleza tunavyofanya huku kusini, na wenye ilimu ya mifugo watayapima maneno yangu.

Majani machanga ya mwarubaini hutwangwa kinuni, hutiwa maji ya vuguvugu, huachwa usiku kucha, kisha huchujwa kwa kitambaa na mnyama akanyweshwa alfajiri kabla hajala kitu. Mbegu za papai lililoiva huoshwa ute wake, hukaushwa kivulini mpaka zivunjike kwa kidole, husagwa, na unga wake huchanganywa na pumba. Popoo sikumpa ng'ombe hata siku moja, kwa sababu marehemu mzee wangu alikuwa akisema kwamba kitu kinachomlevya mtu mzima anayekitafuna kwa tambuu hakifai kukisiwa kwa mnyama asiyeweza kusema.

Niliyoyaona ni kwamba ng'ombe ambaye hajadhoofu sana, akinyweshwa mwarubaini, hurudi kula vizuri na kinyesi chake hushikana. Lakini ng'ombe aliyekwisha kuvimba taya sijaona mwarubaini ukimnyanyua. Huyo mpeleke kwa daktari, usimchezee.

Nataka nikuhusie mambo mawili. Unaponywesha, usimwinue kichwa kupita usawa wa mgongo wake wala usimvute ulimi. Ingiza mdomo wa chupa pembeni ya kinywa, mimina kidogo, ngoja ameze, na akikohoa mwachie kichwa papo hapo, kwa sababu dawa inayoingia mapafuni humwua mnyama ambaye minyoo wasingemwua. La pili ni ule mmea wa utupa. Wapo wanaousifu kwa kupe, nao huogeshea, lakini utupa ndio huohuo unaolevya na kuua samaki, na asikudanganye mtu kwamba unanyweka.

Daktari wa mifugo, Chake Chake:

Ninamshukuru mzee wetu, hasa kwa maneno yake ya kunywesha, ambayo ningependa kila mfugaji ayashike. Nitajibu kwa urefu kwa sababu dalili ulizozieleza, ndugu yangu wa Micheweni, si za mnyoo mmoja. Mazungumzo mengi ya dawa za miti hupotea hapa, kwani tunauliza kama mti fulani unatibu minyoo kabla hatujajua ni minyoo gani na wanakaa wapi katika mwili wa mnyama.

Nianze na jike. Uvimbe laini chini ya taya unaoongezeka baada ya kutwa nzima ya kuinamisha kichwa malishoni unaonyesha kwamba damu imepungukiwa na protini. Wapo watuhumiwa wawili wakubwa. Wa kwanza ni minyoo wembamba wanaonyonya damu katika tumbo la nne, ambao kitaalamu wanaitwa Haemonchus placei. Wa pili ni minyoo bapa wa ini, Fasciola gigantica, na hao ndio wanaonitia wasiwasi zaidi kwa sababu ya hilo bonde la mpunga. Mnyoo wa ini hawezi kuendeleza maisha yake bila konokono wa maji baridi. Akishatoka kwa konokono hujigandisha kwenye majani yaliyo ukingoni mwa maji, na ng'ombe anayefungwa pale humla pamoja na majani. Wengi wetu tumewaona minyoo hao wakati wa kuchinja katika Idi ya Mfunguo Tatu. Ukilikata ini, mirija yake imekuwa minene na migumu mpaka kisu kinakwaruza, na ukiibana mirija hiyo hutoka mnyoo mwembamba kama jani, urefu wake sentimita chache. Mwarubaini ulionyweshwa tumboni hautegemewi kumfikia mnyoo aliyejificha ndani ya mrija wa nyongo.

Bonde hilohilo lina hatari nyengine. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba kichocho cha ng'ombe kipo Pemba, na kichocho hicho nacho hupitia kwa konokono wa maji baridi. Minyoo wake hukaa ndani ya mishipa ya damu, wala si ndani ya utumbo.

Kabla ya kuwatuhumu minyoo peke yao, mfunue jike huyo kope la chini na umtazame ufizi. Ikiwa ni vyeupe, na ana kupe wengi, au amepata homa, au mkojo wake umekuwa mwekundu, basi fikiria pia magonjwa ya kupe, ikiwemo ndigana baridi. Kwa bahati nzuri Pemba hatuna mbung'o, na Unguja mbung'o walitangazwa kuwa wameondoshwa mwaka 1997, kwa hiyo ndorobo, maradhi yanayoenezwa na mbung'o, tunaweza kuiweka pembeni, jambo ambalo mwenzetu wa bara hawezi kulifanya.

Ndama ana maradhi mengine kabisa. Umri wake, tumbo lake, kinyesi cha rangi ya udongo na harufu hiyo vinaelekeza kwa mnyoo mkubwa wa ndama, Toxocara vitulorum, mweupe, mnene, anayeweza kufikia sentimita 30. Ndama hakumpata malishoni. Alimpata katika maziwa ya mama yake katika siku za mwanzo za kunyonya. Mayai huanza kuonekana kwenye kinyesi ndama anapofikia kiasi cha wiki tatu, na minyoo wakiwa wengi huweza kuziba utumbo. Nakuomba ushike jambo moja hapa, kwa sababu ndilo linaloleta sifa nyingi zisizostahiki: ndama anayesalimika huwatoa minyoo hao mwenyewe anapofikia umri wa miezi minne hadi sita. Dawa yoyote aliyopewa katika miezi hiyo, iwe mwarubaini, iwe maji matupu, itaonekana imeponya. Msimsubirishe ndama umri huo, lakini pia msiuhukumu mti kwa ndama wa umri huo.

Sasa niizungumzie miti yenyewe. Kati ya yote uliyoitaja, mpapai ndio wenye ushahidi unaonishawishi zaidi. Utomvu wa papai bichi una vimeng'enya vinavyomeng'enya ngozi ya nje ya mnyoo, na majaribio kwa nguruwe na kwa kondoo yalionyesha kwamba utomvu huo hupunguza minyoo wa utumbo na wa tumbo la nne. Ila utomvu si mbegu, na utomvu mwingi huunguza na kuharisha. Kuhusu mwarubaini, watafiti wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliwapa kondoo wenye minyoo ya tumbo la nne mwarubaini pamoja na miti mengine inayosifiwa na wafugaji, na hawakuona minyoo ikipungua kwa kiwango cha maana. Hiyo haimaanishi kwamba alichokiona mzee wa Kengeja si kweli; mnyama anaweza kurudi kula kwa sababu nyengine, na hamu ya kula ni jambo jema, lakini si sawa na minyoo kufa.

Popoo ina kemikali ya arekolini, ambayo zamani madaktari wa mifugo waliitumia kuwatoa mbwa tegu. Ilikuwa ikifanya kazi, lakini nafasi baina ya kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru ni ndogo. Dalili za sumu yake ni kutokwa na mate mengi, kuharisha na moyo kwenda polepole. Mzee aliyekataa kumkisia ng'ombe alikuwa na haki. Karafuu nayo imeonyesha uwezo wa kuzuia mayai ya minyoo kuanguliwa katika maabara, ila kutoka kwenye chupa ya maabara hadi tumboni mwa ng'ombe ni safari ndefu, na sina kipimo cha kukupa.

Ninaloliona kuwa na faida zaidi kwetu ni kisamvu. Majani ya muhogo yana tanini, ambayo inaweza kupunguza idadi ya mayai yanayotagwa na minyoo, na juu ya hayo yana protini nyingi, ambayo ndiyo hasa jike huyo anaipoteza. Lakini yasilishwe mabichi. Majani mabichi ya muhogo, hasa mchungu, hutoa sianidi, na ng'ombe huathirika upesi kuliko wanyama wasiocheua kwa sababu vijidudu vya tumbo lake la kwanza huiharakisha sumu hiyo. Yakatwe, yatandazwe juani siku mbili au tatu mpaka yakauke vizuri, kisha apewe kidogo kidogo pamoja na majani mengine.

Sababu ya kutofautiana kwa konzi na ndoo ni kwamba hakuna kipimo kilichothibitishwa. Nguvu ya jani hubadilika kwa mti, kwa msimu na kwa namna lilivyokaushwa. Isitoshe, tumbo la kwanza la ng'ombe mkubwa linaweza kuchukua lita 100 au zaidi, kwa hiyo dawa inayomfaa mtu, ikimwagwa humo, ni kijiko cha chumvi katika pipa la maji. Kwa ndama anayenyonya hali ni tofauti kidogo, kwani maziwa hupita njia ya mkato hadi tumbo la nne, na kilichochanganywa na maziwa hufika pale bila ya kuchujuka.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Ndama atibiwe sasa kwa dawa ya kiwandani, piranteli au levamisoli, kwa uzito wake. Na ndama wajao wa jike huyo watibiwe wakiwa na umri wa siku 10 hadi 16, kabla minyoo hawajakomaa. Jike apewe dawa inayofika kwenye ini. Albendazoli kwa minyoo ya tumbo ni miligramu 7.5 kwa kila kilo ya uzito, na kwa minyoo ya ini waliokomaa ni miligramu 10. Wale wachanga wanaopita katika nyama ya ini hutibiwa kwa triklabendazoli. Kama huna mizani, zungusha utepe wa fundi cherehani nyuma ya miguu ya mbele upate mzingo wa kifua, pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya mfupa wa kalio, kando ya mkia, zidisha mzingo kwa mzingo, kisha kwa urefu, ugawe kwa 10,840. Jike mwenye mzingo wa sentimita 130 na urefu wa 110 ana takriban kilo 172. Kwa minyoo ya ini anahitaji miligramu 1,720, yaani mililita 17 za albendazoli ya asilimia 10, au karibu mililita 69 za ile ya asilimia 2.5. Soma kibandiko kabla ya kumimina, kwa sababu chupa hizo hufanana, na anayepewa chini ya kipimo huwaacha hai minyoo wagumu ambao ndio watakaozaa.

Mtamba asipewe albendazoli katika siku 45 za mwanzo baada ya kupandwa. Mwarubaini na utomvu wa papai pia nisingempa mwenye mimba, kwani vyote viwili vimeonyesha athari kwenye uzazi wa wanyama wa maabara. Maziwa ya dawa ya dukani yafuate siku zilizoandikwa kwenye kibandiko. Dawa ya mti haina kibandiko, na mimi humshauri mfugaji asiyauze wala asiwape watoto maziwa ya siku za kunywesha.

Mama wa Ng'ombe, Donge:

Kaka yangu wa Micheweni, daktari amesema yote ya dawa, mimi nataka kusema kuhusu kamba.

Mnyama anayefungwa kwenye kigingi kimoja kutwa anakula alipokunya. Mayai yaliyotoka kwenye kinyesi, katika joto na unyevu wetu, hugeuka mabuu wenye kuambukiza ndani ya wiki moja hivi, nao hupanda kwenye jani pamoja na umande. Ukikihamisha kigingi kila baada ya siku tatu au nne, mnyama anaondoka kabla mabuu wake hawajawa tayari. Kazi ni kutorudi mapema. Katika nchi za joto na mvua mabuu wengi hufa baada ya wiki kadhaa kwa sababu huishiwa na akiba yao upesi, na mimi sirudishi ng'ombe mahali pamoja kabla ya miezi miwili kupita. Eneo likiwa dogo, kata majani ukamlishie bandani, na usikate karibu na ardhi, maana mabuu hukaa sana sehemu ya chini ya jani.

Asubuhi simfungui ng'ombe mpaka umande umekauka. Majirani waliniona mvivu, lakini ndama wangu wanakua. Ndama na mitamba ndio ninaowapa pahala papya kwanza. Wakubwa, ambao miili yao imekwisha kuzoea kupambana na minyoo, hufuata nyuma. Kandoni mwa bonde la mpunga nisingemfunga mnyama hata kama majani yake yananikonyeza, na majani ya huko ningeyakata nikayakausha vizuri kabla ya kuyalisha, kwa sababu vijidudu vya minyoo ya ini vilivyoganda juu yake hudhoofishwa na ukavu.

Mfugaji wa Micheweni:

Nawashukuru nyote, na hasa mzee wangu kwa maneno ya kunywesha. Nimemtazama jike: ufizi ni mweupe lakini kupe ni wachache na mkojo ni wa kawaida. Nitamtibu yeye na ndama kama alivyoelekeza daktari, na wote nitawahamishia juu, kwenye shamba la minazi.

Hata hivyo bado ninataka kuujaribu mpapai kwa wale wawili ambao hawajaonyesha dalili, kwa sababu siamini kwamba sisi wa visiwani tutanunua chupa maisha yetu yote bila ya kujua thamani ya tulichonacho uani. Daktari, je, jaribio hilo linaweza kufanywa na mfugaji kwa namna ambayo matokeo yake yatakubalika?

Daktari wa mifugo, Chake Chake:

Linaweza, na ninakuunga mkono, mradi wanyama hao wawe wazima na mtamba mwenye mimba asiwemo.

Chukua kinyesi moja kwa moja kutoka njia ya haja kubwa kwa mkono uliovaa glovu au mfuko wa plastiki, si kile kilichokwisha kuanguka, kwa sababu cha chini huwa kimeingiwa na minyoo wa udongoni. Jaza mfuko, toa hewa yote, ufunge, uandike jina la mnyama na tarehe, uuweke pahala pa baridi bila ya kuugandisha, na ufike kwa afisa mifugo wa wilaya siku hiyohiyo au kesho yake, kwani mayai yakianguliwa njiani hesabu imeharibika. Mwambie unataka mayai kwa gramu. Omba pia kipimo cha kuzamisha, maana mayai ya minyoo ya ini ni mazito na hayaelei kwenye maji ya chumvi. Aliyepimwa kwa chumvi peke yake anaweza kuambiwa hana kitu ilhali ini limejaa.

Kisha mpe mmoja mpapai na mwengine usimpe, lakini wote wawili wafungwe pahala pamoja na wale chakula kimoja. Baada ya siku 10 hadi 14 rudia kipimo kwa wote. Tuseme aliyepewa alikuwa na mayai 800 kwa gramu akashuka hadi 600: hiyo ni asilimia 25 tu, na kama mwenziwe asiyepewa naye ameshuka kiasi hicho, basi mpapai haukufanya kitu. Dawa ya kiwandani ambayo bado ina nguvu tunaitarajia ipunguze asilimia 95 au zaidi. Mti ukipunguza nusu, wakati asiyepewa amebaki palepale, hilo kwangu ni jambo la kufuatilia kwa wanyama wengi zaidi, kwani wanyama wawili hawatoshi kuthibitisha, bali wanatosha kutuambia kama inafaa kuendelea.

Andika kila kitu tangu mwanzo: mbegu au utomvu, gramu ngapi kwa mizani ya dukani, zilikaushwa vipi, papai la aina gani, na uzito wa mnyama kwa hesabu ya utepe. Wafugaji wa Wete na Mkoani wakifanya vivyo hivyo kwa kipimo kilekile, nitakuwa tayari kuzikusanya karatasi zenu na kuzilinganisha.